Maji Waliyatoa Wapi? Mapengo ya filamu ya jangwani

Mtazamaji wa filamu wa katikati ya Dar es Salaam hajawahi kuwa mtu wa kunyamaza. Enzi za Empire, Avalon, Odeon na Cameo, watu wakitoka sinema na kurudi zao Mchafukoge, Kisutu na Kariakoo, filamu ilihamia barazani na kuchambuliwa upya. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018. Mbele ya watu wa namna hiyo, filamu ya watu waliokwama jangwani ina kesi ya kujibu, na swali la kwanza linajulikana kabla taa hazijazimwa: maji waliyatoa wapi?

Filamu nzuri ya kupimia swali hilo ni The Flight of the Phoenix ya mwongozaji Robert Aldrich, iliyotoka mwaka 1965. Ndege ya mizigo iliyobeba wafanyakazi wa visima vya mafuta inakumbwa na dhoruba ya mchanga Libya, inaacha njia na kuanguka. Redio haifanyi kazi, kwa hiyo anayewatafuta hajui pa kuanzia. Abiria mmoja, Mjerumani aitwaye Dorfmann, anasema mabaki yale yanatosha kuunda ndege nyingine ndogo. Aliyemwigiza ni Hardy Krüger, na Watanzania wana haki ya kumdai kidogo: alikuja Tanganyika kuigiza Hatari! pamoja na John Wayne, akanunua shamba Momella chini ya Mlima Meru, akajenga hoteli na kuishi huko hadi miaka ya 1970. Alifariki Januari 2022.

Turudi kwenye maji. Rubani na msaidizi wake wanapiga hesabu mapema: yapo ya siku kumi hivi, tena kwa sharti kwamba watu wasijichoshe. Halafu filamu nzima inawaonyesha wakijichosha. Wanakata vyuma, wanachomelea, wanaburuta bawa zima juu ya mchanga. Utafiti wa Edward Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, uliochapishwa mwaka 1947, ulikadiria kwamba joto la mchana likifika nyuzi 49, mtu asiye na maji kabisa, hata akitulia kivulini, huishi kama siku mbili tu. Wanaume wa Aldrich wana maji kidogo, na kazi nzito wanaifanya usiku. Jibu hilo linapunguza pengo bila kuliziba. Mtu anayevuta bawa usiku kucha bado anatoka jasho.

Mbona basi mtazamaji hanyanyuki kitini? Kwa sababu hesabu ilifanywa mbele yake. Tangu mwanzo anajua kiasi kilichopo na anaona kinavyopungua: midomo inapasuka, ndevu zinaota, watu wanagombana juu ya kikombe. Usahihi wa tarakimu unampita. Kinachomshika ni kwamba hakuna tone lililozuka kutoka hewani. Vifaa navyo vina maelezo yake. Ndege ilikuwa ya kampuni ya mafuta, kwa hiyo zana za kuchomelea kukutwa ndani yake si miujiza.

Mahali ambapo ufundi huu umefika kilele ni kwenye kuwasha injini. Mtambo wa kuwashia unatumia risasi maalumu za baruti: inalipuliwa moja, moshi wake unasukuma injini izunguke, basi. Zipo saba. Nne za kwanza zinaungua bure. Hapo rubani Towns, ambaye ni James Stewart, anaamua kuilipua ya tano huku swichi ya moto imezimwa, ili kusafisha silinda. Dorfmann anapiga kelele kama mtu anayeibiwa. Hata asiyejua injini anaelewa kila kitu hapo, maana amezihesabu risasi pamoja nao na anajua zimebaki mbili. Inayofuata inawasha, pangaboi linakamata. Tukio lingeweza kuwa bahati tu. Hesabu imeligeuza kuwa uamuzi wa mtu.

Hata lile fumbo kubwa, kwamba Dorfmann kazi yake ni kubuni ndege za kuchezea, lina jibu la kitaalamu. Ndege ndogo ya mfano haina rubani wa kuirekebisha angani, hivyo mbuni wake analazimika kuipa utulivu wa kujitegemea. Anayeweza hilo anastahili kusikilizwa.

Pengo halisi liko kwa majambazi. Kundi la wapanda ngamia linapiga kambi jirani, abiria wawili, Kapteni Harris na daktari, wanakwenda kuzungumza nao, kesho yake wanakutwa wameuawa. Kundi limeondoka. Watu waliokwisha kuua wageni wawili, na walio karibu hivyo na mabaki ya ndege nzima, wanaendaje zao bila hata kuja kuchungulia? Filamu haina neno. Hapa hakuna hesabu yoyote iliyotangulia, ndiyo maana swali linabaki.

Lipo pengo jingine, nalo lilizibwa kwa gharama ya maisha. Ndege inayoonekana ikiruka haikutokana na mabaki yale. Iliundwa na kampuni ya Tallmantz kwa ajili ya kamera. Tarehe 8 Julai 1965 ilivunjika ikigusa ardhi na kumuua rubani wake, Paul Mantz. Picha zilizosalia zilikamilishwa kwa ndege ya aina nyingine, na mhariri Michael Luciano akaziunga vizuri kiasi cha kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar.

Kariakoo ina njia yake ya kuziba mapengo: muvi za kutafsiriwa. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waasisi wa kazi hiyo, na Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz ameiandikia. Mtafsiri hushusha sauti ya filamu, akazungumza juu yake: anatoa majina, anawaeleza wahusika, anaongeza methali na maelezo ambayo mwandishi hakuyaweka. Katika vibanda umiza fundi wa namna hiyo angewamaliza majambazi wale kwa sentensi moja, kwamba wamekimbia kwa kuogopa wenzake Harris wasije na bunduki, na hadithi ingesonga. Kwa risasi ya tano, mtafsiri mzuri hunyamaza. Akiieleza kabla haijalipuka, ameiua.

Walioitengeneza upya filamu hii mwaka 2004, safari hii hadithi ikiwa jangwa la Gobi na kamera zikiwa Namibia, inaonekana walilisikia swali la majambazi. Wakawarudisha mwishoni, wakiikimbiza ndege inapojaribu kupaa. Pengo likazibika. Lakini macho ya mtazamaji, ambayo mwaka 1965 yalikuwa kwenye injini na moshi wake, sasa yanatazama nyuma, kwa wanaofukuza, na ndege inapaa kwa sababu tu filamu lazima iishe. Kati ya makosa hayo mawili, lile la Aldrich linasameheka zaidi.