Harusi Iliyogeuzwa Ndoto: Ila Kuu ya Obsession

Mtazamaji makini wa Obsession, filamu aliyoiongoza Brian De Palma na ikaonyeshwa mwaka 1976, akifika pale Michael Courtland alipolala usingizi, na sura yake ikayeyuka na kuingia harusini, huwa amefika mahali ambapo kazi nzuri ya zaidi ya saa nzima iliharibiwa kwa dakika chache. Na aliyeiharibu si mwigizaji aliyechoka wala mpiga picha asiyejua taa, ila ni khofu, khofu ile ile ya wenye kuuza filamu ambayo safu hii imeilalamikia mara nyingi na itaendelea kuilalamikia. Harusi ya Michael na Sandra iliandikwa na Paul Schrader iwe tukio la kweli, ikapigwa picha iwe tukio la kweli, kisha ikageuzwa ndoto juu ya meza ya mhariri, madhali wasambazaji waliingiwa na wasiwasi kwa jambo ambalo hadithi yote ilikuwa ikilielekea tangu mwanzo wake, yaani kwamba mwanamke yule ni binti wa bwana harusi.

Namna jambo lenyewe lilivyotendeka ni nyepesi kueleza. Paul Hirsch, mhariri, alikuwa na picha ya Cliff Robertson, aliyemwigiza Michael, amelala. Akaitanguliza mbele ya harusi, akayeyusha picha moja ndani ya nyingine, na yote yaliyofuata yakahesabiwa kuwa njozi. Hoja yake ilikuwa kwamba haifai kuiingiza zinaa ya maharimu katika kisa cha mapenzi na fumbo, na mtayarishaji, George Litto, akaikubali. Lakini picha za harusi zilikwisha pigwa kwa nia nyingine, na kamera haisahau nia ya aliyeishika. Mpiga picha, Vilmos Zsigmond, alikuwa ameifunika filamu nzima kwa ukungu wa lenzi, nuru ikitawanyika pembezoni mwa kila dirisha na kila mshumaa, hata New Orleans ya mwaka 1959 na Florence ya mwaka 1975 zikafanana na mambo yanayokumbukwa kuliko mambo yanayoonekana. Na palipo na ukungu kila mahali, ndoto haina rangi yake yenyewe. Basi mtazamaji haioni ndoto. Huambiwa tu kwamba ilikuwa ndoto. Nimekwisha sema humu, na sitachoka kulirudia, kwamba usingizi wa mhusika ndio mlango wa nyuma ambao watengenezaji filamu huutorokea wanapoogopa walichokiandika.

Hasara yake ni kubwa, kwa kuwa hadithi ilikuwa imejengwa kwa hesabu. Mtu amepoteza mkewe, Elizabeth, na binti yake, waliotekwa nyara, kwa sababu alikubali shauri la polisi kujaza mkoba wa fidia makaratasi matupu. Akakaa miaka 16 katika majonzi, akiwajengea kaburi lenye umbo la kanisa la San Miniato al Monte, mahali alipokutana na Elizabeth. Kisha akarudi Florence, akaingia kanisa lilo hilo, akamkuta Sandra mwenye sura ile ile ya marehemu, yuko kazini akitengeneza picha ya kale ya mchoraji Daddi. Chini ya picha ile imegunduliwa nyingine iliyotangulia, na Michael anaulizwa rai yake: ya juu ihifadhiwe, au ikwanguliwe ili ya chini ionekane? Anachagua ya juu. Pale ndipo filamu ilipotamka kadhia yake yote, kwa utulivu na kwa ufasaha: upweke umemfanya mtu huyu aridhike na sura, asitake kumjua aliye chini ya sura. Aliyechagua hivyo hana budi kuioa ile sura mbele ya padri, akiwa macho, ili siku ukweli utakapofunuliwa awe na deni la kulipa. Ndoto ilimfutia deni. Akawa ametamani tu, asitende. Na matamanio ya mtu aliyelala hayana hukumu katika dini wala katika sheria.

Wala si Michael peke yake aliyedhulumiwa. Sandra alikuja na kisasi, amelelewa akiamini kwamba baba yake alizithamini fedha kuliko uhai wake. Hatua zake kuelekea madhabahuni, akijua anakwenda kwa nani, zingalikuwa kilele cha mateso yake, pale chuki na mapenzi vinapokutana katika moyo mmoja. Harusi ilipohamishiwa kichwani mwa Michael, hatua zile zikawa si zake tena.

Waliotangulia walijua kuutumia usingizi. Katika Laura, filamu ya Otto Preminger ya mwaka 1944, mpelelezi anasinzia kitini chini ya picha ya mwanamke anayemdhania marehemu. Kamera inamsogelea taratibu, kisha inarudi nyuma, na Laura anaingia mlangoni mzima wa afya. Je, ameamka au angali usingizini? Preminger hasemi, wala hayeyushi chochote. Usingizi pale uliongeza shaka, ilhali usingizi wa Obsession ulitiwa makusudi ili shaka iondoke na kila mtu aende nyumbani akiwa salama.

Na yupo Alfred Hitchcock, ambaye Vertigo yake ya mwaka 1958 ndiyo mama wa filamu hii. Katika chumba cha hoteli ya Empire, Judy anatoka ndani ya nuru ya kijani ya taa za nje akiwa amekwisha kugeuzwa na Scottie awe Madeleine, mwanamke anayemdhania marehemu, na kamera inawazunguka yeye na Scottie katika busu moja refu, nyuma yao zizi la San Juan Bautista likipita na kutoweka. Kila alama ya ndoto imo, na juu ya hayo si ndoto: Scottie ametenda, na atalipa mnarani. Zaidi ya hayo, kwa ile barua ambayo Judy anaiandika na kuichana, jambo ambalo Hitchcock mwenyewe alilisitia kabla ya kuliacha lisimame, sisi watazamaji tunajua hadaa yote mapema, tukawa washirika wa aibu ile. De Palma alirithi marehemu anayerudi, akarithi mzunguko wa kamera, akampata hata Bernard Herrmann aliyezitungia muziki filamu zote mbili. Ushujaa wa kutomlaza usingizi mtu wake hakuurithi.

Watetezi husema staha ilitaka hivyo. Staha ingaliridhika na mlango uliofungwa: harusi iwe ya kweli, nadhiri zitamkwe, kisha picha ikatwe kizingitini, na wito wa pili wa fidia, safari hii kwa ajili ya Sandra, uje kabla usiku haujaisha. Haramu isingetendeka, wala dhamiri isingepewa udhuru.

Mengine yalifanywa vizuri. Kinanda na kwaya za Herrmann ni za ajabu. Geneviève Bujold anabeba mama na binti bila kuchanganya. John Lithgow anatosha. Na sehemu ya tatu ya mswada wa Schrader, iliyokuwa itokee mwaka 1985, ilikatwa kwa haki.

Lakini tazama kiwanja cha ndege mwishoni: Michael amekuja na bastola, Sandra anamwita baba, na kamera inazunguka na kuzunguka hali uso wa Robertson ukitoka katika ghadhabu ukiingia katika furaha. Lau angalikuwa amemwoa, furaha ile ingalichanganyika na kitisho kisichofutika, na mzunguko ule ungalikuwa miongoni mwa miisho mikali kuliko yote katika sinema ya Marekani. Kama ulivyo, ni upatanisho wa watu wasiodaiana kitu. Mwongozaji anayesimulia mapenzi ya mtu na marehemu ameahidi kuonyesha bei yake. De Palma aliandikiwa bei hiyo kwa uangalifu, akaipiga picha, kisha akakubali ifutwe.