Kuvundika maembe Kasulu na Kibondo: kazi huanzia mtini

Mvumilivu hula mbivu, lakini kwa embe methali hiyo ina sharti moja: liwe limepevuka kabla ya kuchumwa. Embe changa hata ulifiche uvunguni wiki tatu, litalainika na kusinyaa ngozi, na ukilikata utakuta uchachu uleule. Anayeharibikiwa mara nyingi hulaumu gunia au baridi, kumbe kosa lilifanyika siku ya kuchuma.

Kuchuma kabla ya kuiva si pupa. Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zilipo Kasulu na Kibondo, mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo maembe mengi huiva ardhi ikiwa imelowa. Yakiachwa mtini, popo na ndege huyawahi. Wapo pia nzi wa matunda waliotoka Asia, ambao katika bara letu waligunduliwa kwanza Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ngozi na kutaga mayai ndani, na hupenda zaidi tunda lililoanza kuiva. Kulivundika embe ndani ya nyumba likiwa pevu lakini bado gumu ni njia ya kumtangulia.

Upevu una dalili zake. Tazama mabega ya embe pale kikonyo kinapoingilia: kwa aina nyingi, yakiwa yamejaa na kuinuka kupita kikonyo, limekomaa, yakiwa yamelala, liache. Kisha kata moja la mfano. Nyama inayozunguka kokwa ikiwa imegeuka njano, wenzake wa rika lile wako tayari; ikiwa nyeupe, subiri. Chuma na kipande cha kikonyo, usiliangushe chini, na utakapokikata kikonyo liinamishe ili utomvu udondoke pembeni. Utomvu ukimwagikia ngozi huiunguza, na jeraha hilo ndilo mlango wa kuoza.

Ndani ya embe pevu kuna akiba ya wanga. Likiiva, wanga hugeuka sukari na uchachu hupungua. Embe changa halina akiba ya kutosha, ndiyo maana kuvundika hakuliongezei utamu. Kinachoamsha mabadiliko hayo ni gesi iitwayo ethilini, ambayo tunda hujitengenezea lenyewe. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba matunda huitoa. Lakini waliokuwa wakivundika ndizi za pombe katika nchi za Maziwa Makuu, kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupitishiwa moshi, walikuwa wakiitumia bila kulijua jina lake, maana moshi wa kuni una gesi hiyohiyo. Wewe huhitaji moshi: weka ndizi mbivu mbili tatu katikati ya maembe. Gesi yake itaanzisha kazi, na kila embe linaloiva litamwamsha jirani yake.

Baada ya gesi, la pili ni joto, na hapa jiografia ina neno. Kigoma mjini iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko juu zaidi ya mita 1,200, na usiku wake ni wa baridi. Embe huiva vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi; chini ya 13 huumia, na kwenye joto kali huiva mabakamabaka. Kwa hiyo lifunike kwa gunia la katani au blanketi kuukuu, uliweke chumba cha jikoni lakini mbali na mafiga.

Usitumie mfuko wa nailoni. Tunda hupumua; likifungiwa, mvuke hugeuka maji, hewa huisha, na ukungu wa madoa meusi hushika. Tenga, boksi la karatasi au gunia huhifadhi gesi ya kutosha na kuacha unyevu utoke. Funua kila siku, toa lililooza upesi, na yaliyoiva yatenge.

Parachichi hufuata njia hiyohiyo, ila lenyewe haliivi mtini hata lingoje miezi. Kazi yake huanza likishachumwa. Bonyeza taratibu karibu na kikonyo: likikubali, kula.

Wapo wanaoharakisha kwa kabaidi ya kalsiamu, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ikipata unyevu hutoa gesi inayobadili rangi ya ngozi haraka, lakini ile ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu. Rangi hiyo humdanganya mlaji, na sumu humgusa kwanza yule anayeishika. Usiiingize nyumbani mwako. Embe pevu, ndizi mbivu na gunia kavu vinatosha.