Elimo Njau Alivyoileta Injili Murang'a

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, lilijengwa juu ya kidonda. Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliweka jiwe la msingi Mei 1955, wakati hali ya hatari iliyotangazwa nchini Kenya Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Kanisa hilo la Kianglikana lilikusudiwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Mji wenyewe ulikuwa ukiitwa Fort Hall, na vita vya Mau Mau dhidi ya serikali ya kikoloni vilikuwa vimewagawa hata watu wa nyumba moja.

Jengo la aina hiyo lingeweza kubaki ukumbusho wa upande mmoja.

Mwaka 1959 kazi ya kuchora kuta ilimwangukia Elimo Njau, kijana aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Alichora picha tano kubwa: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa wa mada. Badala ya kusimulia upya mauaji ya wilaya hiyo, alishika simulizi ambayo mjane wa mlinzi wa serikali na mama wa mpiganaji wa msituni wangeweza kuitazama pamoja.

Uamuzi wa pili ulihusu sura na mahali. Yesu wa Njau ni Mwafrika, na watu wanaomzunguka ni Waafrika walio katika mazingira ya Kiafrika. Muumini hahitaji kusafiri kimawazo hadi nchi ya mbali. Mateso ya Gethsemane yanatokea kwao. Mbinu hii ilikuwa na mizizi katika Chuo cha Makerere, alikosomea. Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo hicho, aliwahimiza wanafunzi wachore maisha waliyoyajua badala ya kunakili michoro ya Ulaya.

Wanaodhani huko ni kuichezea Biblia watazame sinagogi la Dura-Europos, Syria, lililofukuliwa mwaka 1932. Kuta zake zilichorwa karibu mwaka 245, kisha zikafukiwa udongo wakati ukuta wa mji ulipoimarishwa dhidi ya Waajemi. Udongo huo ndio uliozihifadhi. Humo Mordekai amepanda farasi akiwa na suruali ya Kiajemi, na Musa amevaa vazi la Kigiriki. Wayahudi wa mji huo wa mpakani waliwavika mashujaa wa imani yao mavazi waliyoyaona barabarani kila siku.

Njau alifanya hivyo hivyo karne kumi na saba baadaye, na kazi yake ina uzito zaidi kwa sababu jeraha lilikuwa bado bichi. Mwaka 1965 aliendeleza msimamo huo Nairobi kwa kushiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa.

Msomaji wa Skuta, mjini Nyeri, hana umbali mkubwa wa kwenda kuziona picha za Njau. Ashike barabara ya Karatina na Sagana, aingie kanisani kwa heshima, na azitazame picha kwa mfuatano wake, akianza na Kuzaliwa.