Chuma Kinachopakwa Dawa

Bodaboda ikianguka barabara ya Kakamega kwenda Mumias, mara nyingi muundi ndio huumia. Ukivunjika na kutoboa ngozi, udongo huingia kidondani, na hapo usaha huwa tishio kuliko mvunjiko wenyewe. Daktari husafisha, hutoa antibayotiki, kisha huingiza msumari wa chuma ndani ya uwazi wa mfupa.

Chuma cha pua cha tiba, 316L, kina kinga yake. Kromiamu iliyomo hushikana na oksijeni, ikafanya utando wa nanomita chache unaozuia kutu. Bakteria hauwazuii. Wakishatua juu ya chuma hujifunika ute, na dawa inayokuja kwa njia ya damu huwafikia kwa shida.

Kati ya mipako ya vyuma vinavyowekwa mifupani, unaosifiwa zaidi ni wa haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Uso wa titaniamu hupigwa chembe kali hadi uwe na mikwaruzo, kisha unga wa madini hurushwa kupitia mwali wa plazima wenye joto la maelfu ya nyuzi. Chembe hulainika angani, hugonga chuma, hutandazika na kuganda, tabaka juu ya tabaka, hadi maikromita 50 au zaidi. Kazi ngumu ni kulidhibiti joto: likizidi, madini huvunjika na kuwa chumvi zinazoyeyuka upesi mwilini, likipungua, mpako haushiki na hubanduka. Nyonga bandia za namna hii zilianza kuwekwa Uingereza mwaka 1985, na mfupa hukua ukazishika bila saruji.

Lakini msumari wa muundi huenda ukahitaji kutolewa baadaye. Mfupa ukiung'ang'ania, kuutoa huwa kazi kubwa. Kwa majeruhi wetu, mimi nataka mpako unaopigana na bakteria. Ulaya wameutengeneza: gentamaisini huchanganywa na polilaktidi, plastiki inayoyeyuka mwilini, ikapakwa juu ya msumari wa titaniamu. Sehemu kubwa ya dawa hutoka ndani ya siku mbili za kwanza, bakteria wangali wanatafuta pa kutua.

Bei ndiyo kikwazo. Ndiyo maana naitazama kwa makini kazi ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako watafiti wamejaribu kuweka gentamaisini moja kwa moja kwenye mvunjiko, bila kupaka chuma chochote. Dawa hiyo ni ya kawaida katika hospitali za Kenya, na haihitaji mwali wa plazima.