Kitabu cha Durkheim na Mashamba ya Masisi

Kijana wa Mubambiro akienda chuo kikuu kusoma sosiolojia, yaani elimu ya watu waishivyo pamoja, mapema hukutana na jina la Mfaransa Émile Durkheim na kitabu chake De la division du travail social cha mwaka 1893. Wazazi huuliza: chafaa nini kitabu hicho kwa mtoto aliyelelewa kando ya njia ya Goma na Sake? Swali ni la haki, maana fedha za masomo hutoka katika maharagwe na viazi.

Durkheim asema kwamba watu wa kale waliunganishwa na kufanana kwao, na watu wa siku hizi huunganishwa na kazi zao mbalimbali, kila mmoja akimhitaji mwenzake. Asema tena kwamba sheria za kale zilikuwa karibu zote za kuadhibu. Hapo twampinga. Watu wa kale aliwajua kwa kusoma tu, katika vitabu vya Musa na sheria za Warumi. Wazee wetu wangemcheka: kwao mkosaji aweza kuamriwa kutoa mbuzi na pombe, kisha wagomvi wanywe pamoja. Je, hiyo si kurudisha ujirani?

Kuna neno zito zaidi. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilileta watu kutoka Rwanda kukaa Gishari, na wengi wakafanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Mkulima, mfugaji na mchuuzi wa Masisi walihitajiana kila siku ya soko. Hata hivyo mwaka 1993 watu waliuana.

Basi kitabu kimeanguka? La. Wanafunzi wengi hukariri sehemu ya kwanza, wanaandika aina mbili za umoja katika mtihani, imekwisha. Sehemu ya tatu hawaifungui, na ndiyo iliyo yetu. Humo Durkheim aeleza habari za kugawana kazi kwa kulazimishwa: mmoja akiwa na kila kitu, na mwingine akishikwa na njaa, mapatano yao si mapatano, na umoja hauzaliwi. Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa amekwisha kusema karibu neno lilo hilo juu ya mishahara, katika Rerum novarum ya mwaka 1891.

Sasa itazameni sheria ya ardhi ya mwaka 1973. Ardhi yote ikawa mali ya Serikali. Wenye fedha na wenye jamaa wakubwa wakapata hati za mashamba makubwa, na waliolima kwa ruhusa ya mwami wakabaki bila karatasi. Wakaingia kama vibarua palepale walipozaliwa.

Mwalimu angeanza na sehemu hiyo ya tatu, kisha, njia ikiwa salama, awatume wanafunzi vilimani wakaulize: nani alima hapa, nani ana hati, na tangu mwaka gani.