Walichukua Kiitikio, Wakaacha Beti

Niliuimba wimbo huu miezi mitatu mizima bila kujua naimba nini. Ilikuwa 2010, mwaka wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na hata ungetaka kuukwepa usingeweza. Ulikuwa ndani ya matatu, kwenye vibanda vya kutazamia mpira, kwenye simu za watoto wa shule. Siku moja rafiki yangu, mtu wa kukaa kimya kisha akasema neno moja likakukosesha usingizi, akaniuliza: "Hivi unajua huo ni wimbo wa vita?" Nikacheka. Wimbo wa Coca-Cola uwe wa vita, bwana? Akanipa albamu ya Troubadour ya K'naan, iliyotoka 2009, akaniambia nitafute humo wimbo wenye jina lile lile, "Wavin' Flag".

Kumbe nilichokuwa naimba kilikuwa toleo la pili. Liliitwa Celebration Mix, likatengenezwa kwa ajili ya kampeni ya Coca-Cola. (Wimbo rasmi wa FIFA ulikuwa "Waka Waka" wa Shakira, lakini waulize watu wa rika langu ni upi wanaoukumbuka zaidi, uone mabishano.) Kiitikio ni kile kile katika matoleo yote mawili. Beti ndizo zilizokataliwa na kuandikwa upya. Watu wengi wanaotaja kisa hiki husema "waliurekebisha kidogo tu". Mimi sikubali hilo "kidogo".

Kwa wasiomjua: K'naan ni Keinan Abdi Warsame, aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1978. Aliondoka na familia yake 1991, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaumeza mji, wakapitia New York hadi Toronto. Babu yake, Haji Mohamed, alikuwa mshairi, na Magool, yule mwimbaji mkubwa wa Kisomali, ni wa ukoo wao. Yaani huyu si kijana aliyeokota maneno barabarani. Amekulia mahali ambapo ubeti ulikuwa na uzito wa ushahidi mbele ya wazee.

Tusikilize toleo la kwanza. Ubeti unaofungua unatuonyesha mahali: pana urithi wa kifalme na fahari ya kushindana na Roma, lakini pamejaa umaskini na ukatili, na pamoja na hayo ndipo nyumbani, hakuna pengine anapopajua. Baadaye vinakuja vita na visasi, na wale wanaokuja na ahadi wakiondoka watu wamebaki maskini vile vile. Halafu kuna sehemu ambayo nadhani ndiyo moyo wa wimbo. Msemaji anawacheka, kwa uchungu, wale wanaohubiri upendo kuwa ndio jawabu, huku wakiwatumia watu wake kupigana vita vyao na kuwasaliti baadaye. Mwisho ni njaa, subira, na siku ya uhuru inayosemwa iko karibu.

Sasa toleo la pili. Mabingwa wanaingia uwanjani. Watu wamejaa mitaani, vichwa juu, aibu imewekwa kando. Mataifa yote yanasherehekea na tunaombwa tushikamane. Sisemi ni mabaya, maana kwa kazi yake ni maneno mazuri kabisa na yanakaa vyema juu ya mdundo. Lakini angalia kilichotokea: wimbo uliokuwa unawashuku wenye maneno matamu ya umoja umegeuzwa kuwa ndio hayo maneno matamu. Walioandika upya hawakuishia kufuta huzuni. Walimpa kipaza sauti yule yule ambaye ubeti wa zamani ulikuwa unatuonya naye.

Nije kwenye kiitikio, ambacho hakikuguswa. Anayesema ni mtoto: anasema atakapokuwa mkubwa atakuwa na nguvu, ataitwa uhuru, kama bendera inayopepea. Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili. Utasema "nikikua". Hiyo "-ki-" yetu ina mambo mawili ndani yake, wakati na sharti. "Nikikua" ni siku nitakayokua, na ni kama nitakua. Kiingereza alichotumia K'naan kina upande mmoja tu, ule wa wakati, na sharti linaletwa na beti. Ukishapita kwenye visasi na njaa, ukifika kwenye kiitikio unasikia mtoto ambaye huenda asikue. Ndiyo maana anaimba kwa sauti kubwa namna ile. Ziondoe beti, uweke mabingwa uwanjani, na mtoto yule yule kwa maneno yale yale anakuwa kijana anayesubiri kusajiliwa na klabu. Sharti limetoweka na neno halijabadilishwa hata moja.

Anayejua shairi la Kiswahili hatashangaa. Kibwagizo chetu hurudi mwisho wa kila ubeti bila kubadilika, na mtunzi stadi ndipo anapokufanyia vituko: mara ya kwanza umekielewa, mara ya tatu umecheka, mara ya saba kimekugeukia. Kibwagizo hakina maana yake peke yake, hukopa kutoka kwa beti. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumeacha kiitikio chako kama kilivyo", usishukuru haraka.

Kuna jambo dogo zaidi. Mwishoni mwa kiitikio bendera haipepei tu kwenda mbele, kuna kurudi nyuma kunakotajwa tena na tena. Uwanjani hilo ni la kuchezea mikono, mbele na nyuma, raha tupu. Kwenye albamu ni kitu kingine: tumaini linasogea, halafu linarudi pale pale. Na ni bendera ipi? Ya Somalia ni ya buluu yenye nyota nyeupe ya ncha tano, kila ncha ikiwakilisha eneo moja wanakoishi Wasomali, na ncha mojawapo ni kaskazini mashariki mwa Kenya. Jirani zangu wa Garissa na Wajir wanajua bendera hiyo imewagharimu nini tangu miaka ya sitini. Somalia haikuwa miongoni mwa timu 32 za mwaka ule, wala haijawahi kufuzu. Bendera zilizopepea kwenye matangazo zilikuwa za wengine. Tena wimbo ulitolewa kwa lugha mbalimbali, Nancy Ajram akiimba Kiarabu, David Bisbal Kihispania, na wengine kwao, yaani mahali pa beti palikuwa pamegeuka vyumba vya kupangisha.

Sasa mtu ataniambia: wimbo wa biashara si dhambi. Nakubali, tena kabla hajamaliza. Sisi watu wa pwani tumelelewa na taarabu, na nyimbo ngapi za taarabu zilitungwa kwa kuagizwa na mtu mwenye harusi au mwenye ugomvi? "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms iliwalenga watalii wa mahoteli ya Mombasa, haikuficha hilo, na mimi naiheshimu.

Hata Coca-Cola wenyewe wana mfano ambao siwezi kuulaumu. Mwaka 1971 Bill Backer, mtu wa matangazo, ndege yake ilizuiwa na ukungu ikatua Shannon, Ireland. Aliwaona abiria waliokuwa wamekasirika usiku wakicheka pamoja asubuhi wakinywa soda, akaandika wazo lake kwenye karatasi ya kufutia mikono. Alipofika London, watunzi Roger Cook na Roger Greenaway walikuwa na mahadhi ya wimbo wao mwingine, "True Love and Apple Pie", yakatumika hayo. Redioni tangazo likakataliwa: wenye viwanda vya kujaza chupa hawakulipenda. Likapigwa picha upya, vijana wa nchi mbalimbali juu ya kilima Italia, na hapo watu wakaanza kuupigia simu redio wimbo wa tangazo! Basi soda ikafutwa kwenye maneno, New Seekers wakaurekodi, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza mwanzoni mwa 1972. Wimbo umevunjwa na kujengwa mara mbili tatu, na haukupoteza kitu, kwa sababu mwanzo wake ulikuwa mapenzi na mkate wa tofaa. Hakuna aliyekufa ndani yake. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Swali la kuuliza mtu anapotaka kuutengeneza upya wimbo wako ni: nani aliyeko ndani ya beti, na akitolewa atakwenda wapi?

Kuna usiku mmoja ambao siwezi kuuruka. Tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Uhispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka Kampala, kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mkahawa wa Ethiopian Village. Zaidi ya watu 70 walikufa. Al-Shabaab wa Somalia walisema ni wao, kulipiza kisasi kwa sababu ya askari wa Uganda waliokuwa Mogadishu. Nasema hili kwa uangalifu, maana ni rahisi mhakiki kufanya vifo vya watu kuwa pambo la hoja yake. Wimbo haukuua mtu, wala beti zingebaki zisingemwokoa mtu. Lakini mimi usiku ule nilikuwa na matoleo yote mawili kwenye simu yangu, na ni moja tu lililojua kwamba jambo kama lile lipo duniani. Lile la sherehe sikuweza kulifungua tena kwa muda mrefu.

Je, K'naan alaumiwe? Hapa lazima nijitaje, la sivyo nitakuwa nahukumu kutoka dirishani.

Niliwahi kuandika wimbo kuhusu dada yangu aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba akarudi bila mshahara wa mwaka wa pili. Kiitikio chake kilikuwa mtu anabisha hodi: nifungulieni, nimefika. Beti zilikuwa za milango mingine, ile aliyofungiwa kwa nje. Mtayarishaji niliyempelekea alisikiliza hadi nusu, akasema, "Ni nzito, kaka, hii nani ataicheza?" Ukalala. Miaka miwili baadaye nikapigiwa simu na wakala wa matangazo. Walikuwa na mteja wa huduma ya kutuma pesa na walitaka kiitikio. Kiitikio tu. Pesa inabisha hodi, mama anafungua, anatabasamu. Nikaandika beti mpya kwa siku moja, wallahi wala sikutoka jasho. Nililipwa kodi ya nyumba ya miezi mitano. Dada alilisikia tangazo redioni akiwa jikoni, akaniambia, "Angalau hiyo pesa imefunguliwa." Sikuwa na la kujibu, na hakuwa amekasirika, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kwa hiyo simlaumu. Na yeye amejisemea vizuri kuliko nitakavyomsemea. Desemba 2012 aliandika makala kwenye gazeti la The New York Times kuhusu namna alivyojidhibiti mwenyewe ili afanikiwe. Anaeleza jinsi watu wa kampuni yake ya muziki walivyomwambia kwa upole kwamba sasa wasikilizaji wake ni Wamarekani na maneno yake yafanane nao. Hakuna aliyemfunga wala kumtisha, na anasema huo ndio ulikuwa ugeni wa udhibiti ule: mwenye kalamu ndiye mwenye mkasi. Akatoa kisa cha mbweha aliyetamani mwendo wa mtu mwingine, akauiga akashindwa, na alipotaka kurudi kwenye mwendo wake akakuta ameusahau. Naipenda makala ile kuliko albamu yake ya 2012, Country, God or the Girl, ambayo imesafishwa mpaka imekosa harufu. Wengine watasema nina chuki na redio. Sikilizeni Troubadour kwanza, wimbo wa "Fatima", halafu ile ya 2012, kisha tubishane.

Kuna hoja moja inayonisumbua kuliko zote, kwamba toleo la kwanza lipo, halikufutwa, na wengi kama mimi tulilifikia kupitia lile la soda. Ni kweli. Lakini je, tunaweza kulisikia? Mwaka jana, kwenye arusi ya binamu yangu hapa Mombasa, niliombwa niimbe, nikauimba wimbo wa dada kwa beti zake za kwanza, wote, bila haraka. Nilifika kwenye kiitikio. Watoto waliokuwa wamekaa mbele, wengine hawakuwa wamezaliwa tangazo lilipoanza, wakaitikia kwa furaha, kisha wakamalizia kwa pamoja na jina la kampuni.