Heko kwa Mikono Iliyopamba Vitabu

Kabla ya mashine ya chapa, kitabu cha Ulaya kilizaliwa mkononi. Ngozi ya ndama ililowekwa kwenye maji ya chokaa, ikawambwa kama ya ngoma na kukwanguliwa hadi ikalainika. Mwandishi alichonga unyoya wa bata bukini, akapiga mistari, ndipo akaandika.

Kila fundi na mtindo wake. Kitabu cha Kells, cha mwaka 800 hivi, kilichohifadhiwa Dublin, hakina dhahabu. Fahari yake ni mafundo na wanyama waliosukwa kama ukili. Ndugu watatu wa Limbourg, nao, walimchorea mtawala wa Berry, Ufaransa, kalenda ya miezi yenye wakulima, theluji na makasri, kwa dhahabu na buluu ya jiwe kutoka Afghanistan. Wote walifariki mwaka 1416 kabla ya kuimaliza, wengine wakaiendeleza.

Wengi wa mafundi hao hawakuacha majina. Hata hivyo, rangi zao bado zinang'aa, kwani kurasa zilizofungwa zilizikinga na mwanga. Chanda chema huvikwa pete: hawa wanastahili yao, ingawa imechelewa.